Maswali yenu: Jioni mjini tukakae wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kukaa. Watu wanauliza jioni wakishatoka kazini waende wapi wakutane na wenzao, nani anakaa wapi, baraza zimekwenda wapi, mpaka kuna mmoja kaandika kutoka London. Pale penye mambo nimejibu kwa urefu, pengine nimepita haraka, msinune.

Kaka za kazi. Mi nimetoka Dar, nimeletwa huku kikazi, napanga Mwanakwerekwe. Kule nimezoea Sinza, ukitoka job unapita grosari ya mtaani unakuta washkaji, mpira kwenye TV, nyama choma, stori mpaka usiku. Huku jioni naona kila mtu anapotea, nabaki ndani na simu yangu. Hakuna baa za mtaani Zanzibar? Na kama hazipo watu wanaenda wapi? Nisaidie maana nakaribia kuomba uhamisho. (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Usiombe uhamisho ndugu yangu, mji hujauona bado.

La baa nilimalize kwanza maana ndo ulilouliza. Zipo. Nyingi zimo ndani ya mahoteli, kuanzia Shangani mpaka Nungwi na Paje, na za mitaani zenye leseni ni chache, huwezi kuzifananisha na Sinza hata kidogo kwa sababu watu wa huku karibu wote ni Waislamu na mtaa wenyewe hauzitaki. Ile Africa House pale Shangani, ambako watu wanakwenda kutazama jua linazama, ilianza 1888 kama klabu ya Waingereza, kwa hiyo baa huku toka zamani ni mambo ya wageni na mahoteli. Hata kinywaji chenyewe kinategemea vibali vya waagizaji, mwanzoni mwa 2024 vibali viliyumba na mahoteli yakalalamika bia imewaishia. Ukitaka kwenda nenda, hayo ni yako na nafsi yako, ila usitembee mtaani na chupa mkononi, na mchana wa Ramadhani usile wala usinywe wala usivute sigara mbele za watu. Hilo halina mjadala.

Sasa nikiisoma barua yako vizuri naona unacholilia hasa ni washkaji, mpira na stori. Bas hivyo vipo kila mtaa hapa, ila mwenye navyo ni muuza kahawa.

Toka baada ya laasiri, jua likishalegea. Utamkuta kashawasha mkaa chini ya dele, birika lake la kahawa, vikombe vyake vidogo visivyo na mkono vimo kwenye maji, kashata za njugu na za nazi ziko kwenye sahani pembeni. Kahawa ni nyeusi na chungu kwelikweli, wengine hutia tangawizi au iliki, na unainywa huku unatafuna kashata, ndo utamu wake unatoka hapo. Na kahawa si zao la visiwani, inatoka huko kwenu bara, kwa hiyo usijione mgeni sana.

Anzia Jaws Corner, Mji Mkongwe. Muulize mtoto yeyote atakupeleka. Vichochoro kadhaa vinakutana pale, katikati pana uwazi mdogo, baraza huku na huku, TV, bao, dhumna, karata, na bendera juu. Watalii wanapita wanapiga picha na wazee wala hawashughuliki nao. Siku ya mechi ya Simba na Yanga watu wanajaa mpaka njia inaziba, na usidhani wanaangalia tu, mtu atakusimulia goli la miaka ishirini nyuma na nani alitoa pasi.

Siku nyengine vuka barabara ya Darajani uende Ng'ambo, na hili nalisema kwa mkazo maana watu wengi wakija huku wanadhani Zanzibar ni Mji Mkongwe, wakati watu wengi wa mjini wanaishi upande huu wa pili, ambao zamani ulikuwa umetenganishwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa, ndo maana pakawa na daraja na jina la Darajani likabaki mpaka leo. Michenzani utayaona yale majengo marefu tunayoyaita matreni, yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na vijiwe vimejaa pembeni mwake. Kisonge ipo hukohuko, maskani ya CCM inayojulikana visiwa vizima kwa ubao wake wa maneno ya siasa. Jaws nayo kwa miaka mingi ilikuwa ya watu wa CUF, na Machi 2019 kiongozi wao Maalim Seif alipohamia ACT-Wazalendo vijiwe vingi vilibadilisha bendera pamoja naye.

Kwa hiyo kabla hujakaa tazama bendera. Sikutishi, utakaribishwa popote, ila ujue uko kwa nani. Siasa za huku si maneno ya kupitisha jioni tu, watu waliuliwa Januari 2001, familia zilikuwa hazizikani, mtu hanunui dukani kwa mwenzake kwa sababu ya chama, mpaka yalipokuja maridhiano ya CCM na CUF Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 ya serikali ya umoja wa kitaifa watu wakaanza tena kukaa baraza moja. Mie nilifurahi sana siku zile na bado naziombea zirudi vizuri. Ndo maana nakwambia usije siku ya kwanza na maoni yako kuhusu Muungano.

Namna ya kuingia ni hivi. Toa salamu kwa wote, usichague mmoja, mzee mpe shikamoo yake peke yake. Kaa ukingoni, usikae pale katikati penye mto au gazeti, pale pana mwenyewe hata kama hayupo. Agiza kahawa, na aliye pembeni yako mlipie, ni pesa ndogo sana na itakurudia kesho yake kwa njia nyengine. Halafu sikiliza. Siku za mwanzo ukae usikilize tu, ukiulizwa ujibu, simu uitie mfukoni, picha usipige. La mwisho na kubwa kuliko yote, chagua kijiwe kimoja ukirudie kilekile saa ileile. Kuna vijana wanazunguka leo hapa kesho pale kama wanahesabu minazi, wanajua vijiwe vyote na hakuna kinachowajua. Ukirudi palepale siku moja utachelewa, na ukifika watakuuliza ulikuwa wapi, hapo ndo ujue umeshahamia Zanzibar.

Njaa ikikushika usiku kuna supu ya pweza, mishkaki, na urojo, ule mchuzi mzito wa manjano na bhajia na kachori na chipsi za muhogo na ukali wa embe mbichi, kila mtaa una mama wake na kila mtu anaapa wa mtaani kwake ndo bora. Forodhani nenda mara moja umtembeze mgeni wako, bustani ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009 na ni pazuri hasa, ila bei za pale zimezoea watalii.

Kijiweni kwetu wananiruhusu kutazama bao lakini nikisema neno tu wananifokea. Nitajifunzaje sasa? (Kijana, Bububu)

Wanakufokea kwa haki. Mtazamaji hasemi, hata akiona mtaji wa wazi, yaani nafasi ya kula kete, maana ukimwonesha mmoja umemdhulumu wa pili na mchezo mzima umeharibika.

Jifunze hesabu kwanza nyumbani. Mashimo 32, safu nne za nane nane, kete 64 zigawanywe sawasawa. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, na mashimo mawili yaliyo jirani kila moja mbili, na 22 zinabaki mkononi. Sehemu ya kwanza ni kunamua, unaingiza moja moja za mkononi mpaka ziishe, halafu ndo mnaingia sehemu ya pili, inayoitwa mtaji. Ukimaliziwa safu yako ya mbele umefungwa. Ukishajua hayo kaa nyuma ya mchezaji mmoja tu jioni nzima, usihamehame, kabla hajacheza jiulize wewe ungecheza nini, kisha mwangalie. Atakayekuona umetulia namna hiyo atakuita mwenyewe asubuhi pakiwa hapana watu.

Dada zako tunasoma tu majibu ya vijiwe vya wanaume. Mimi nasoma SUZA, natoka chuo nimechoka, nataka na mimi kukaa na wenzangu tuongee bila kuambiwa nimepotea njia. Wanawake tukakae wapi? (Msomaji wa kike, Vuga)

Umeuliza la maana kuliko yote ya leo mwanangu, na sitaki kukupa jibu la kukupoza.

Vijiwe vya kahawa ni vya wanaume. Hakuna sheria iliyosema hivyo, ukikaa hakuna atakayekutoa, lakini macho utayahisi na kesho mama yako ameshapata habari. Mtalii wa kike anakaa Jaws anakunywa kahawa anachekewa, binti wa Vuga akikaa palepale inakuwa kesi. Mie naona si haki na nimeshalisema hilo kijiweni kwetu mbele ya wazee, wengine walikubali kwa kichwa.

Ila usije ukaambiwa kwamba wanawake wa mji huu hawakuwa na pa kukaa. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba akaja mjini 1911, na nyumbani kwake Ng'ambo jioni palikuwa ndo pa kwenda, watu wanakaa wanaimba wanazungumza habari za mji, kesi za mahakamani, nani kadhulumiwa na nani, yote yanaingia kwenye nyimbo, na 1928 akasafiri mpaka Bombay kurikodi. Hiyo ilikuwa baraza ya mwanamke na wanaume ndo waliokuwa wageni. Na leo lipo kundi la Tausi, taarab ya wanawake watupu, wanapiga vyombo vyote wenyewe.

Kwa jioni yako ya leo, Bustani ya Jamhuri haiko mbali na hapo ulipo, Forodhani baada ya magharibi mkiwa watatu wanne hakuna atakayewauliza, na kwa mama wa urojo benchi ni la wote, mie nimewaona mabinti wa chuo wanakaa pale mpaka bakuli limekauka na hakuna anayewafukuza. Lakini ushauri wangu hasa ni mchague pahala pamoja pawe penu, siku ileile kila wiki, mpaka watu wa mtaa wazoee kuwaona. Uwani kwa mmoja wenu pia ni pahala, bibi zetu walipitisha humo maneno ambayo mpaka leo hayajatoka nje. Na kama mnaweza kumpata mama mmoja mwenye dele akae mahali penye mwanga na wapitanjia, mwambieni aanze, mie nitamwandika hapa bure.

Mimi mtoto wa Malindi, sasa nimejenga Fuoni. Juzi nimepita nyumba tuliyozaliwa, baraza ya baba imepangwa mapicha na vikoi vya kuuza, hata pa kuweka kiwiliwili sikupata, kijana ananiambia "mzee karibu nunua". Nilisikia uchungu. Ni mimi tu? (Mzee, Fuoni)

Si wewe tu mzee wangu, shikamoo.

Mji Mkongwe ukaingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na tukafurahi, milango ikapigwa msasa, lakini kitu kilichoufanya mji ule uwe mji ni ile saruji ya kukalia nje ya mlango na watu waliokuwa juu yake. Mvua kubwa ikija kichochoro kinakuwa mto na watu wanapita juu ya baraza. Mgeni asiyefaa kuingia ndani kwa sababu wanawake wapo anakaribishwa barazani na anapata heshima yake kamili. Msiba unatangazwa pale, posa inaanzia pale, mtoto akipita na vitu visivyo vyake anaulizwa palepale na mtu asiye baba yake. Baraza ikigeuka kabati la duka mambo hayo yote yanakosa pa kukaa, na hakuna shirika lolote linaloweza kuyahifadhi kwa rangi na chokaa.

Kijana yule simlaumu, anatafuta riziki. Mwenye nyumba ndo wa kuzungumza naye, akubali upande mmoja wa mlango uwe biashara na upande wa pili ubaki wazi. Wapo wenye nyumba ambao hawajawahi kuombwa na mtu.

La pili linakuhusu wewe na wenzako mliojenga Fuoni, Kiembesamaki, Mombasa ya hapahapa Unguja na kwengineko. Nyumba nzuri, mashaallah, lakini mmezungusha ukuta mrefu na geti la chuma, na nje ya ukuta hapana pa kukaa mtu. Mzee wangu toa mifuko miwili mitatu ya saruji, jenga kibaraza nje ya ukuta wako, kivulini, urefu wa watu wanne. Kaa wewe wa kwanza baada ya laasiri, na chupa yako ya kahawa. Jirani ambaye mnapungiana mikono kwenye gari tu atakaa.

Asalaam aleikum kaka. Nasoma London. Kila Ijumaa wenzangu darasani wanakwenda pub, nimekataa mpaka wameacha kuniita, sasa najiona niko peke yangu. Sinywi na sitaki kunywa. Niende nikafanye nini, na taratibu zake zikoje? (Mwanafunzi kutoka Unguja)

Waaleikum salaam mdogo wangu. La dini muulize sheikh wako, wako wanaosema meza yenye pombe haikaliwi kabisa, na ukiamua hivyo waambie wenzako mkutane mgahawani siku nyengine, watakuelewa. Mie nakujibu la taratibu tu.

Pub ya mtaa kule haina mhudumu wa kukufuata mezani kwa kinywaji, unakwenda mwenyewe kaunta, unalipa hapohapo. Marafiki wananunuliana kwa raundi, mmoja anawanunulia wote, kisha mwengine, na hapo ndo penye mtego kwako kwa sababu ukiingia kwenye raundi utalazimika kuwanunulia pombe. Sema mapema tu, mie najinunulia mwenyewe, nakunywa soda. Hakuna atakayekasirika. Maji ya bomba ni bure, masharti ya leseni England na Wales yanamlazimisha mwenye pub akupe ukiomba. Zile bia zinazoitwa hazina kileo soma chupa vizuri, nyengine zina asilimia 0.5, kwa hiyo bora uziache. Na ukiona vipakti vya kutafuna kaunta uliza kwanza, kuna vile vya ngozi ya nguruwe. Nenda mapema, kaa saa moja ule muda wa mazungumzo bado yana akili, halafu aga.

Na siku ukipata nafasi nenda mtaa wa Cornhill, kichochoro cha St Michael's Alley. Pale mwaka 1652 Pasqua Rosée alifungua nyumba ya kahawa ya kwanza London, na leo pahala palepale pana baa inaitwa Jamaica Wine House. Watu wa mji ule nao zamani walikuwa na vijiwe vya kahawa kama sisi. Manahodha na matajiri wa meli walikuwa wanakaa kwa Edward Lloyd kusikiliza habari za vyombo baharini, na bima ya Lloyd's imetoka kwenye meza zile. Siasa nazo zilipikwa humo, mpaka Desemba 1675 Mfalme Charles II akatangaza nyumba za kahawa zifungwe kwa sababu watu wanamsema, na kelele zilivyokuwa kubwa akarudi nyuma Januari 1676 kabla amri haijaanza kazi. Wapeleke wenzako pale uwahadithie, uwaambie kwenu mambo hayo bado yapo, halafu waalike siku moja chumbani kwako uwapikie kahawa chungu na kashata. Hapo wewe ndo mwenyeji na raundi unatoa wewe.

Kila siku Unguja, Unguja. Pemba hatukai? (Msomaji, Wete)

Mnakaa sana, na mnakaa na watu wanaojua kazi, msimu wa karafuu ukiingia vijiwe vya Wete na Chake Chake ni bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ukavu wa karafuu na nani kaanguka mkarafuuni, mazungumzo ambayo mjini Unguja huyapati. Malalamiko yako ni ya haki. Niandikie vijiwe vya Wete kimoja kimoja, kiko mtaa gani, kinakaliwa saa ngapi na watu gani, kahawa ya nani nzito, na toleo lijalo ukurasa huu utakuwa wa Pemba peke yake.